Afya ya akili ya mama anayelea mtoto mwenye ulemavu wa akili: pa kuanzia, hatua kwa hatua

Kila mwezi ninapokwenda kuchukua dawa za kifafa za mwanangu, hapa Busia upande wa Uganda, huwa namkuta kwenye benchi mama wa namna moja. Amembeba mgongoni mtoto wa miaka minane au tisa, miguu ya mtoto imeshuka hadi usawa wa magoti yake, na leso aliyomfungia imeanza kuachia uzi pembeni kwa uzito. Muuguzi akimwuliza hali, anaeleza ya mtoto: amekula kidogo, hakulala, ameanguka mara mbili. Akiulizwa, "Na wewe mwenyewe, mama?" anatazama sakafu na kujibu, "Mimi mzima." Nilijibu hivyo kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sikuwa mzima.

Nilikuwa nikiamini kwamba nitapata nafuu siku mwanangu atakapopona. Hilo ndilo kosa ambalo mwongozo huu unataka kukuepusha nalo. Ulemavu wa akili haumwondoki mtoto kama homa inavyoondoka. Mtoto hujifunza, hukua na hufurahi, lakini hukua nao. Ugonjwa wa mama, yaani sonona (huzuni kubwa isiyoondoka), wasiwasi uliopita kiasi na ule uchovu usioisha kwa kulala, una tiba yake, na tiba hiyo haina sababu ya kumngoja mtoto abadilike. Ukiungoja mwisho wa jambo lisilo na mwisho, utaugua maisha yako yote.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu uliotusaidia mimi na wenzangu, ingawa si lazima uzifuate zote. Iwapo leo hii unafikiria kujiua, au unafikiria kwamba ingekuwa heri wewe na mtoto mfe pamoja, usisome kwa mpangilio: nenda moja kwa moja kwenye hatua ya saba.

Hatua ya kwanza: Tenganisha ulemavu wa mtoto na lawama

Katika lugha zetu nyingi neno moja hutumika kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili na kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili, na mkanganyiko huo huleta madhara. Ulemavu wa akili huanza utotoni: mtoto huchelewa kukaa, kutembea, kusema, kujifunza, kujihudumia. Ugonjwa wa akili, kama sonona, unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Mtoto wako ana la kwanza. Wewe huenda una la pili. Hakuna hata mmoja wenu aliyerogwa.

Waulize wahudumu wa afya chanzo cha ulemavu wa mtoto wako, hata kama miaka imepita, kwa sababu mama asiyeelezwa chanzo hujitafutia maelezo mwenyewe, na maelezo anayoyapata usiku wa manane karibu daima humhukumu yeye. Vyanzo vinavyojulikana ni vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, kifafa kisichodhibitiwa, upungufu wa madini ya joto kwa mama mjamzito. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down huwa na kromosomu 47 badala ya 46, na hilo hutokea kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Kaskazini mwa nchi, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, familia nyingi zimeishi na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao huwashika watoto waliokuwa wazima kabisa. Katika vyanzo vyote hivi hakuna palipoandikwa "mama aligombana na mama mkwe", wala "mama alikwenda shamba wakati wa mwezi fulani".

Kwa wengine, chanzo hakijulikani kamwe. Hapo itabidi umwambie mkweo, na ujiambie na wewe, maneno haya mawili kwa sauti: haijulikani, basi. Ni maneno magumu kuyasema, lakini yanafunga mlango ambao lawama hupitia.

Ibada ni faraja kubwa na sitamzuia mtu kuombewa. Ninachokuomba ni kwamba asiyekuwa tabibu asikuagize kuacha dawa za mtoto, kumfungisha saumu mtoto mwenye kifafa, kumfunga kamba au kumchanja. Nilipoteza mbuzi wawili na mwaka mzima wa dawa kwa njia hiyo.

Hatua ya pili: Jipime kwa wiki mbili

Chukua daftari la shule la kurasa 48. Kila jioni, kwa siku 14, andika majibu ya maswali mawili tu. La kwanza: leo nilikuwa na huzuni au moyo uliokata tamaa kwa sehemu kubwa ya siku? La pili: leo kuna jambo lolote nililolifanya kwa hamu, hata dogo, kama kuongea na jirani, kusikiliza redio au kusuka nywele? Ikiwa kwa siku nyingi kati ya hizo huzuni ilikuwapo, au hamu haikuwapo, hiyo ni ishara ya sonona, na unapaswa kumwona mhudumu wa afya. Asiyejua kuandika achore alama, duara kwa siku nzuri na msalaba kwa siku mbaya. Shangazi mmoja katika kundi letu alitumia punje za maharagwe katika makopo mawili, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Usitarajie kwamba sonona itakuja na machozi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya maswali 20 ya ndiyo au hapana inayotumika katika nchi nyingi kuwatambua watu wenye shida hizi, na swali lake la kwanza kabisa linauliza kama mtu anaumwa kichwa mara kwa mara. Yanafuata ya hamu ya kula, ya usingizi, ya mikono kutetemeka, ya tumbo kusumbua, ya kushindwa kuamua mambo. Mama anaweza kutembelea duka la dawa mara ishirini kununua vidonge vya kichwa na vya vidonda vya tumbo bila mtu hata mmoja kumwuliza kuhusu moyo wake.

Kwa Kiganda kuna maneno mawili ambayo watu wa Masaka na Rakai waliyataja walipoulizwa na watafiti jinsi huzuni kubwa inavyowaathiri: okwekubagiza, yaani kujihurumia na kujiona uliyeonewa na maisha, na okwekyawa, yaani kujichukia. Nayataja kwa sababu yanasaidia kupima. Kujihurumia ni kuzito, lakini bado unajiona mtu wa kuhurumiwa. Ukifika mahali unapojichukia, unapoona kwamba hata chakula unachokula kinapotea bure, usimalize wiki mbili. Nenda kesho.

Hatua ya tatu: Okoa usingizi kabla ya mambo mengine yote

Nimeiweka hatua hii mbele ya kituo cha afya kwa sababu unaweza kuianza leo, na kwa sababu sijawahi kumwona mama akipata nafuu huku akilala saa tatu kwa usiku, hata akimeza dawa gani. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili hulala vibaya. Wengine wana kifafa kinachokuja usiku, na mama hulala mkono mmoja ukiwa kifuani pa mtoto ili ashtuke mwili ukianza kukaza. Nimelala hivyo. Huko ni kukesha uliyefumba macho.

Anza na kifafa. Ikiwa mtoto anatumia dawa na bado anaanguka, usikubali kwamba "ndivyo alivyo": rudi uombe kipimo cha dawa kiangaliwe upya, maana mtoto huongezeka uzito na dozi ya miaka miwili iliyopita huenda haimtoshi tena. Usiruke siku, na usimwachishe dawa ghafla, kwa kuwa kuziacha ghafla huleta mishtuko mibaya zaidi. Wafundishe watu wote wa nyumbani la kufanya: mtoto alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kitu chochote mdomoni, wala kijiko wala maji, na saa iangaliwe. Mshtuko ukipita dakika tano, au ukifuatwa na mwingine kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Siku watu wa nyumbani watakapojua hayo, utakuwa umepata watu wa kukupokea zamu, na hilo ndilo ulilokuwa unalihitaji.

Kisha angalia mchana wa mtoto. Mtoto anayeshinda ndani gizani hulala mchana na kukesha usiku. Mtoe juani asubuhi, mpe kazi ya mikono na miguu inayolingana naye, kama kupepeta maharagwe, kubeba kopo la maji au kufukuza kuku kwenye mtama, usimpe chai ya majani wala soda baada ya saa kumi jioni, na jioni fuata mpangilio ule ule kila siku: aoge, ale, achezewe kidogo, alale. Inachukua majuma kadhaa kabla hujaona tofauti, na katika juma la kwanza utadhani nimekudanganya.

Mwisho, gawa usiku. Omba usiku mbili tu kwa juma ambazo mtu mwingine atalala karibu na mtoto na wewe utalala chumba kingine, au kwa jirani ikiwa nyumba ni ya chumba kimoja. Sema usiku gani: "Jumatano na Jumamosi." Ombi lisilo na siku hupokelewa kwa huruma na kusahauliwa.

Hatua ya nne: Nenda kituo cha afya kwa ajili yako mwenyewe

Huduma katika vituo vya serikali hailipiwi tangu mwaka 2001, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inaelekeza kwamba matibabu ya akili yapatikane hata kwenye vituo vya afya vya msingi. Kwa hiyo huhitaji kuanzia Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Naelewa hofu hiyo, kwa kuwa hospitali ile imekuwapo tangu mwaka 1955 na jina lake limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, lakini mama mwenye sonona ya kawaida hahitaji kulazwa huko. Anzia kituo cha afya cha daraja la tatu kwenye tarafa yako ndogo, au cha daraja la nne, ambako mara nyingi utamkuta afisa tabibu au muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara na Fort Portal, zina vitengo vya afya ya akili. Mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, anaweza kukuambia ni siku gani ya juma mhudumu huyo yupo, na hiyo itakuokolea nauli ya bodaboda.

Mambo matatu huharibu safari hii, nami nimeyapitia yote. La kwanza ni kwenda na mtoto. Ukiwa naye, dakika zote ulizopewa zitakuwa zake. Mwache kwa mtu siku hiyo, hata kama ni kwa saa tatu. La pili ni kuanza na maumivu ya mgongo. Mgongo utatibiwa na utarudi nyumbani. La tatu ni kukata tamaa kwa jibu la kwanza: mhudumu mmoja aliwahi kuniambia kwamba wanawake wenzangu wana matatizo makubwa kuliko yangu na hawalalamiki. Nilikaa miezi minane kabla ya kurudi. Usikae miezi minane. Rudi siku nyingine, umwombe mwingine.

Ukiingia, sema hivi, kwa lugha yoyote mnayoelewana: "Nimekuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtoto. Kwa wiki mbili sasa sina furaha na silali vizuri, na hali hii inanizuia kufanya kazi zangu. Nimeandika hapa." Kisha mpe daftari. Mhudumu aliyechoka anaweza kuyapuuza maneno, lakini ni vigumu kupuuza kurasa zenye misalaba kumi na moja kati ya siku 14.

Omba pia ipimwe damu yako na uulizwe kuhusu mimba, kwa kuwa upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na magonjwa mengine huweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Ikiwa unanyonyesha, una mimba, au unatumia dawa nyingine zikiwamo ARV, taja mwanzoni.

Ukipewa ushauri wa mazungumzo, hudhuria vikao vyote. Manufaa yake hayaonekani katika kikao cha kwanza. Ukipewa vidonge vya sonona, fahamu kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi yake, wakati madhara madogo kama kichefuchefu au mdomo kukauka huja mapema na mara nyingi hupungua. Akina mama wengi huziacha siku ya kumi, yaani pale pale walipokwisha kulipa gharama bila kupokea mzigo. Hazikufanyi mtumwa wake, lakini haziachwi ghafla. Aliyeziandika ndiye atakayezipunguza. Zifungie mbali na mtoto, juu na kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, hasa zile za amitriptilini, ambazo vichache tu vinaweza kumwua mtoto.

Hatua ya tano: Tafuta kundi, na lisipokuwapo, lianzishe

Hili ndilo jambo ambalo Uganda ina ushahidi wake nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona waliwekwa katika makundi madogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakakutana kwa dakika 90 kila juma kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa maeneo yale yale waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Hapakuwa na madaktari wala vidonge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa kwenye makundi walipata nafuu kubwa kuliko waliokaa bila makundi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo kwa nchi zote. Uliza kituo chako cha afya au afisa maendeleo ya jamii, CDO, kama kuna kundi la namna hiyo karibu.

Lisipokuwapo, tafuteni akina mama sita hadi kumi wanaolea watoto wenye ulemavu wa akili. Utawapata kwenye kliniki ya kifafa, kwa VHT, na kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ambaye mara nyingi anajua nyumba yenye mtoto asiyetolewa nje. Kundi la kusaidiana si badala ya matibabu kwa aliye mgonjwa sana, lakini linafanya kazi ambayo kituo cha afya hakiwezi. Kukutana na mtu usiyehitaji kumweleza kwa nini mtoto wa miaka kumi na mbili bado anavaa nepi ya kitambaa ni pumziko ambalo nilikuwa sijui kwamba lipo.

Chagueni mahali penye ua, watoto waje na wawe na mtu mmoja wa kuwaangalia kwa zamu. Kikao cha kwanza msifungue kwa hotuba. Kila mama ataje jina lake mwenyewe. Sisi tunaitwa Mama Fulani miaka yote, na katika kikao chetu cha kwanza mama mmoja alinyamaza kidogo kabla ya kutamka jina alilobatizwa, akatabasamu kama aliyeokota kitu chake kilichopotea. Baada ya hapo kila mmoja aeleze jambo moja lililomwelemea juma hilo, na kundi lijiulize: je, ni msiba ambao haujaombolezwa, ni ugomvi na mtu, ni badiliko la maisha, au ni upweke? Maswali hayo manne yanatosha kuongoza mazungumzo, kwa kuwa kila moja lina msaada wake. Ugomvi na mume hauondolewi kwa pole, na msiba hauondolewi kwa ushauri.

Sheria ziwe mbili: linalosemwa hapa halitoki, na hakuna anayelinganisha watoto. Hiyo ya pili huvunjwa mara nyingi kuliko ya kwanza, na huumiza zaidi. Mama ambaye mtoto wake hajatembea hapaswi kuambiwa amshukuru Mungu kwa kuwa wa mwenzake hata hasemi.

Kuhusu lugha, mnaoishi mahali penye makabila mengi, kama hapa mpakani, kwenye kambi za polisi na jeshi, Arua, au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, Kiswahili kinaweza kuwakutanisha Mganda, Msamia, Mlugbara na Mkongo. Mama akizidiwa, mwacheni alie kwa lugha yake.

Mkipenda kuweka akiba, wekeni, lakini baada ya mazungumzo na kwa kiasi ambacho maskini kuliko wote anakiweza. Nimeona makundi mawili yakigeuka kuwa ya fedha tu, faini ya kuchelewa ikapanda hadi shilingi elfu mbili, na waliokuwa wagonjwa zaidi wakawa wa kwanza kuacha kuja.

Hatua ya sita: Mtoto azoee mikono mingine

Kuna akina mama wanaomfungia mtoto ndani, au kumfunga kamba mguuni, ili waende shamba. Wakilisoma hili watadhani nawashtaki. Nilimfungia mwanangu mlango kwa msimu mzima wa kupalilia, na sauti yake akigonga bati kwa kiganja ninaisikia hadi leo. Mtoto hapaswi kufungwa, na mama hapaswi kuachwa peke yake hadi kamba ionekane kuwa msaada. Kwa hiyo dawa ya kamba ni mtu wa pili.

Mtu wa pili hupatikana polepole. Mchague mmoja, dada, bibi wa mtoto au mama wa kundi lenu, akae na mtoto wewe ukiwapo, nusu saa, mara tatu. Kisha toka uende hadi kisimani na urudi. Kisha saa moja, kisha asubuhi nzima. Mwonyeshe mambo halisi: namna ya kumlisha akiwa ameketi wima, sauti anayoitoa akitaka choo, kitu kinachomtisha. Katika kundi, akina mama watatu wanaweza kupeana zamu: mmoja anabaki na watoto wote kwa asubuhi moja, wawili wanakwenda shamba au sokoni. Chagua watu unaowaamini na usiache mtoto, hasa wa kike, na mtu ambaye mtoto anaonyesha kumwogopa, hata kama ni ndugu. Hofu ya kunajisiwa kwa binti asiyeweza kusimulia ni miongoni mwa mambo yanayowakesha akina mama wengi, na ina msingi. Mfundishe sehemu za mwili zisizoguswa na kukataa kwa mkono au kwa kelele. Ukishuku jambo, piga 116, simu ya bure ya kulinda watoto, au nenda polisi kwenye dawati la watoto na familia, na umpeleke hospitali mapema kabla hajaogeshwa.

Kuhusu baba, wapo wanaobaki na wanaobeba, nao hawasemwi vya kutosha. Mpe kazi moja iliyo yake kabisa, kama kumwogesha jioni au kwenda kuchukua dawa, na usimsahihishe kila dakika. Aliyeondoka bado ana wajibu wa matunzo chini ya Sheria ya Watoto. Afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuanzia, na kumwona hakugharimu wakili. Suala la fedha lina uhusiano na moyo moja kwa moja, kwa hiyo mwulize CDO kuhusu ruzuku maalumu kwa watu wenye ulemavu na kuhusu mpango wa maendeleo ya parokia ulioanza mwaka 2022. Shule nayo ni pumziko la mama, hata ya nusu siku: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza mtoto kubaguliwa katika elimu, nawe uitaje kwa utulivu mbele ya mwalimu mkuu anayekurudisha nyumbani.

Hatua ya saba: Siku ya hatari

Mawazo ya kufa huwajia akina mama wengi katika hali yetu, na mara nyingi huja yakiwa yamevaa nguo ya upendo: "Nikifa mimi atateseka, basi twende wote." Wazo hilo ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili ya malaria. Kumweleza mhudumu wa afya kwamba unalo si kosa la jinai wala si ushahidi kwamba wewe ni mama mbaya.

Fanya mambo haya kwa utaratibu huu. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, kwa maneno ya wazi, "Ninafikiria kujiua," kwa maana "nimechoka" haitaeleweka. Mpe mtu huyo dawa za wadudu za shambani, vidonge vyote vya nyumbani na kamba, avipeleke kwake, kwa kuwa dhoruba ya mawazo haya hupanda na kushuka, na mara nyingi kinachookoa maisha ni kutokuwa na sumu karibu katika saa ile ilipopanda. Usilale peke yako usiku huo. Mtoto akae na mwingine. Asubuhi, au usiku ule ule ikiwa mawazo hayatulii, akupeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Mtu aliyekwisha kumeza kitu apelekwe mara moja bila kungoja dalili, pamoja na chupa au pakiti aliyomeza.

Wewe uliyeambiwa na mwenzako, usimhubirie. Mwulize kama amepanga namna na wakati, ukae naye, uandamane naye. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Hatua ya nane: Andika daftari la mtoto

Swali la nani atamlea nikifa halina jibu la haraka, na ndilo lililoniamsha saa tisa za usiku kwa miaka. Nililipunguza kwa kuligawa. Sehemu ya kwanza ni ya mali: ikiwa una kipande cha ardhi au nyumba, andika wosia, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu ndani yake, umtaje mtoto kwa jina pamoja na mtu atakayemsimamia, na mtu huyo akubali kwanza akiwa mbele ya jamaa. Sehemu ya pili ni daftari lenyewe, ambalo linakaa mahali ambapo watu watatu wanapajua. Ndani yake mna majina ya dawa na vipimo vyake, kituo anachotibiwa, vyakula vinavyomsonga, namna ya kumtuliza, watu anaowapenda na watu asiopaswa kuachwa nao. Lisome upya kila baada ya miezi mitatu, siku hiyo hiyo unapojibu tena yale maswali mawili ya wiki mbili kwa ajili yako, na ikiwa misalaba imerudi, rudi kituoni bila kungoja.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una mistari minne. "Anaitwa kwa jina lake, si kwa ugonjwa wake. Anapenda redio iwe na sauti ndogo. Uji wake upoe kabisa, kwa sababu hawezi kusema kwamba umemchoma. Akikushika kidole gumba, amekukubali, mwache akishike."